Likizo Iliyosomwa Barazani

Beiruti, Lebanoni
6 Mei 2023

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na wewe Mama Goodluck unayesoma kwenye simu yako, shikamoo, na pole kwa koo lako. Najua saa hii umesimamisha cherehani, umemsogelea mama sikioni, na hapo barazani kwako kila mwenye jambo lake Magomeni amelisahau. Mzee Boniface naye najua amesogeza kiti asikose neno. Wote nawasalimu.

Mama, unisamehe kwa kimya cha wiki hizi. Kazi ya kulinda amani mpakani ilitubana, na mtandao kule ni wa kuokoteza. Sasa nimepumua. Ile likizo niliyokuambia imeshasainiwa imeanza, nami niko jijini Beiruti. Nilikuahidi nikipata likizo nitakuja Kilosa, na hapo najua utanuna. Lakini wenzangu wamesema mtu anaweza kulinda nchi ya watu mwaka mzima akaondoka hajaona kitu zaidi ya seng'enge na mifuko ya mchanga. Nikaona kweli. Nitapumzika huku, halafu kikosi kikimaliza muda wake nitakuja moja kwa moja, sitaondoka tena.

Jiji ni zuri, mama. Kuna barabara ndefu kando ya bahari, jioni watu wanatoka na viti vya kukunja, wazee wanakaa kutazama maji kama vile hawajawahi kuyaona. Wanauza mkate wa ufuta wenye tundu, unautundika mkononi ukitembea. Kahawa yao ina iliki, chungu, kikombe kidogo hata mtoto anakimaliza kwa mara moja. Ukiinua macho unaona milima yenye theluji. Umeme unakatika kuliko hata Kilosa, na kila jengo lina jenereta lake. Zikiwaka zote ungesema upo kwenye korona, ile mashine ya mkonge ya Kimamba iliyokumaliza masikio, siku ya mkonge mwingi.

Nakula vizuri, nalala vizuri, nimenenepa. Usihangaike na mimi.

Mwanao,
Nassir

*

Beiruti
6 Mei 2023

Dada Ziada,

Shikamoo. Barua hii ni yako, uisomee hapo hapo Mikumi, isivuke Mto Mkondoa.

Watu wa kikosi walikupigia kwa sababu jina lako ndilo nililowapa nilipoondoka. Walikuambia gari la doria liliteleza kwenye kona likaenda bondeni na kwamba mguu wangu umeumia. Niliwaomba waishie hapo, mengine niseme mimi. Dada, mguu haupo. Wa kulia, chini ya goti. Waliukata siku ya pili, nami nilikubali kwa kichwa kwa sababu mdomo ulikuwa haufunguki.

Niko hospitali. Beiruti niliyomwandikia mama siijui. Dirisha langu linatazama ukuta na jenereta. Ditram, yule Mvidunda wa kitanda cha jirani kambini, ndiye aliye likizo kweli. Anazunguka mchana, jioni anakuja na mkate wa ufuta kunisimulia, na mimi ninayaandika kama yangu.

Najua utaniuliza kwa nini. Unakumbuka daktari alivyotuambia kuhusu moyo wa mama, kwamba asishtuliwe. Na mama hasikii simu, macho nayo hayaoni hata picha, barua yake lazima Mama Goodluck aipige ukelele sikioni na mtaa mzima usikie. Nitamwandikiaje neno kama hili? Mama akisikia ninafurahi, presha inashuka. Wakisema kidonda kimefunga watanirudisha nyumbani, nitamtokea mwenyewe mlangoni, anishike, ajue kwa mkono wake. Niapie kwamba hutasema.

Nduguyo,
Nassir

*

Magomeni, Kilosa
14 Mei 2023

Kwa Nassir,

Marahaba. Anayesema ni mama yako, anayeandika ni mimi Magreth, Mama Goodluck, mtani wake. Maneno yangu nitayaweka kwenye mabano ili usije ukadhani mama yako amepata adabu.

Anasema: Mwanangu, barua imesomwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili yangu, ya pili kwa ajili ya Mzee Boniface, aliyechelewa akitafuta viatu vyake. Tumecheka na huo mkate wa kutundika mkononi. (Amecheka kweli. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu mvua zianze.)

Anasema: Kwamba umenenepa, alhamdulillahi. Kwamba hukuja, hilo limenichoma. Sikuambii uongo. Nilikuwa nimeshamwambia kila mtu unakuja, chumba chako kikapakwa chokaa. Likizo ni ya kwenda kwa mzazi, baba. Bahari hiyo ilikuwepo kabla hujazaliwa na itakuwepo. Lakini wewe ni kijana, na kijana akikaa mpakani na bunduki anahitaji kuona watu wanaocheka. Basi furahi. Furahi na sehemu yangu.

Anasema: Mpunga wa Tindiga maji yameubeba kidogo, si wote. Mimi mzima kabisa. (Si mzima kabisa. Miguu imevimba na akipanda ngazi zangu tatu anapumzika katikati. Amenikataza kuandika hili, na kwa kuwa hawezi kusoma, nimeliandika.)

Anasema: Ukitembea hapo ufukweni, tembea polepole, usije ukavunjika, maana kwa kukimbia hujambo. Uje na miguu hiyo hiyo niliyokupa.

Mama yako,
kwa mkono wa Magreth

*

Mikumi
16 Mei 2023

Mdogo wangu Nassir,

Marahaba. Nilisoma barua yako nikiwa chumba cha dobi cha ile hoteli ya barabara kuu ninapofanya kazi. Nilikuwa na mashuka ya wageni mikononi, nikaketi juu yake sakafuni, msimamizi akanikuta. Nikamwambia tumbo linaniuma. Na mimi nimeanza uongo.

Nimekuapia, sitasema. Lakini Nassir, kati ya uongo wote duniani ukachagua huu? Ungesema likizo imefutwa. Ungesema kuna hali ya tahadhari. Ukasema umeamua mwenyewe kukaa huko kula raha. Umejiwekea deni kwa mama ambalo huna sababu nalo.

Jumapili nilikwenda Kilosa. Ndugu wa marehemu baba wamekuja kutoka Tindiga kumtazama, wanamtazama yeye na shamba. Mama anakaa barazani anasimulia habari za Beiruti kama yeye ndiye aliyekwenda, hadi harufu ya iliki anaisema. Nilimsikiliza nikaingia ndani kulia. Aliniuliza kwa nini macho yangu yana maji aliponishika uso, nikamwambia ni moshi.

Kidonda kikoje? Wanakupa dawa ya maumivu? Niambie ukweli, maana mimi ndiye pekee wa kuambiwa.

Dada yako,
Ziada

*

Beiruti
24 Mei 2023

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo Mama Goodluck, na salamu kwa baraza zima.

Mama, raha zinaendelea. Juzi tulipanda kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya, kinakutoa ufukweni kinakupandisha mlimani juu ya mapaa ya nyumba. Unapita karibu na madirisha ya watu unaona wanakula. Nikasema mama yangu angekuwa humu angewauliza wamepika nini.

Jumamosi ilikuwa kubwa zaidi. Tulipita mtaa mmoja tukakuta harusi, wakatuona sisi Waafrika wanne tumesimama, wakatuvuta ndani bila kujuana. Ngoma yao wanashikana mikono mstari mmoja, wanapiga miguu chini kwa pamoja, mguu wa kulia, mguu wa kulia, hadi sakafu inatikisika. Mwanao nilicheza mpaka jasho likapita kwenye viatu. Bibi arusi mwenyewe alinipigia makofi. Wakasema huyu amezaliwa huku.

Mama, miguu yako imepona? Mama Goodluck kaniambia ilivimba. Usimfokee, nilimwomba mimi. Kunywa dawa, msikilize daktari, usibebe ndoo. Sina shida yoyote. Ukinifikiria, nifikirie nikicheza.

Mwanao,
Nassir

*

Magomeni, Kilosa
2 Juni 2023

Kwa Nassir,

Mimi Magreth naandika. Leo sina utani. Barua yako ilikuja mama yako akiwa amelazwa. Alikaa wodini siku kadhaa, wamemrudisha nyumbani, wakatuambia tumtunze. Wewe ni mtu mzima, unajua maana ya maneno hayo. Nilitaka niisome siku nyingine, lakini alijua imefika, akanishika gauni hadi nikasoma. Haya ni maneno yake, sikupunguza.

Anasema: Nassir, umecheza. Nilikuwa na mpira puani, na wewe ulikuwa unacheza harusi ya watu usiowajua.

Anasema: Sikukuita nilipokuwa mzima, kwa kuwa nilisema furahi. Sasa nakuita. Una likizo, una miguu, ndege zipo. Njoo.

Anasema: Nakuambia kwa nini, uelewe si wivu wa bahari. Sina kaka, sina mjomba, walikwisha. Baba yenu alipokufa ulishuka mwenyewe kaburini kumpokea, ulikuwa kijana mdogo, ukatoka na udongo mpaka kwenye nyusi. Wanawake wenzangu wa kiwandani waliniambia, wewe umebahatika, una wa kukupokea. Miaka yote hii nikiugua, hilo ndilo linalonilaza usingizi. Kwamba mikono ya mwisho kunishika itakuwa ya mtu niliyemzaa, si wanaume wa njiani. Nassir, ni wewe tu. Usiniache nipokelewe na wasionijua.

(Mzee Boniface aliondoka bila kuaga. Mwanangu, mimi sijui kinachokuweka huko. Kama ni mwanamke, mwache. Njoo. Nakuomba kama mama yako wa pili.)

Mama yako,
kwa mkono wa Magreth

*

Beiruti
4 Juni 2023

Dada Ziada,

Shikamoo. Mama Goodluck amekuonyesha barua ya mama? Mama amesema, "Una miguu."

Nimeomba nirudishwe. Nimeomba kwa daktari, kwa mkuu wangu, kwa mhasibu, hata kwa mfagiaji. Wananiambia kidonda kina usaha, hawawezi kuniweka kwenye ndege, tusubiri. Nimewaambia mama yangu hasubiri. Daktari ni mama mtu mzima, alikaa kitandani kwangu akanishika bega, akasema kwa Kiingereza chake kibovu na changu kibovu kwamba nikifia hewani mama yangu atapata msiba badala ya mtoto.

Na hata wakiniachia, dada. Hata nikifika. Jana usiku nilijaribu kulifikiria kaburi, kina chake, zile ngazi za udongo tunazochonga pembeni. Mtu wa magongo anashukaje? Atakayenishikilia mimi atakuwa nani, na mama atashikwa na nani? Kitu kimoja alichonizalia nikifanye, na siwezi. Ningekuwa nimekatwa mkono ningeshuka. Ningekuwa kipofu ningeshuka.

Ulisema nimejiwekea deni. Sasa nimelifahamu. Namwandikia ukweli. Kama moyo wake utashtuka, basi ushtuke akijua sikumtupa.

Nassir

*

Beiruti
5 Juni 2023

Mama Goodluck,

Shikamoo. Chini ya maneno haya kuna barua ya mama. Nakuomba kwa jina la huyo Mungu wako na wangu, usiisome barazani, wala mbele ya mtu yeyote. Msomee mkiwa wawili tu, au na Ziada. Mama hajawahi kulia mbele za watu, hata siku ya baba. Sitaki habari yangu iwe ya kwanza kumliza hadharani. Na sitaki asikie kwa mtu wa mlangoni anayempa pole. Nataka yeye awe wa kwanza Magomeni kujua.

*

Mama,

Shikamoo. Sina mguu wa kulia. Gari letu lilianguka mwezi wa nne, wakaukata chini ya goti. Sikuwa likizo hata siku moja. Bahari sijaiona. Harusini sikucheza, aliyecheza ni rafiki yangu Ditram, nami niliazima maneno yake nikiwa kitandani, nikidhani ukisikia ninacheka utapona.

Ulisema nije na miguu ile ile. Nimeshindwa kuilinda. Nisamehe, mama.

Sikukataa kuja. Naililia safari hiyo kila siku. Nikiachiwa leo nitakuja leo, na kama siwezi kushuka nitalala ukingoni niingize mikono. Usiseme nimekutupa. Nipe radhi yako hata kwa neno moja, Mama Goodluck aniandikie.

Mwanao,
Nassir

*

Magomeni, Kilosa
12 Juni 2023

Nassir mwanangu,

Bwana akutie nguvu. Nimeisoma peke yangu nyuma ya nyumba. Nilikufikiria mabaya na kukusingizia mwanamke. Sina la kusema juu ya hilo.

Sijamsomea. Naomba uniamini kwamba nimejaribu. Wewe unajua mama yako, siri ya chini ya ukelele haimfikii. Zamani nilikuwa nikimkaribia sana anapata maneno mawili matatu, sasa dawa zimemfunga hata hayo. Na nyumba imejaa. Watu wa Tindiga wamehamia, wanalala mpaka kwenye korido, wawili wanalala chumba chake. Majirani wanaingia na uji na kutoka. Mgeni aliyekuja kumtazama mgonjwa hafukuzwi. Jumatano niliwaambia kwa upole watupishe kidogo tumbadilishe nguo. Shangazi yenu mkubwa akasema hata yeye anajua kubadilisha nguo. Nikasisitiza, akaniuliza mbele ya watu kama nina karatasi ya shamba nataka mgonjwa aweke dole. Wakakaa wote mlangoni. Mimi ni Mkristo na si ndugu, ningefanya nini?

Alfajiri tulimtoa mimi na Ziada, tukambeba kwenda uani kama anakwenda kujisaidia. Nikafungua mdomo, na mara jirani upande wa pili wa ua akaita, "Hodi huko, mgonjwa ameamkaje?" Wakatoka watatu kutusaidia.

Ziada akajaribu kwa mkono. Alishika mkono wa mama yenu, akauweka kwenye goti lake mwenyewe, akapitisha kiganja chini ya goti kama anayekata, mara nyingi, huku akimwandikia jina lako kifuani. Mama akatulia akifikiria. Halafu akasema, "Goti linakuuma? Ni hayo mashuka ya Mikumi. Kapake mafuta ya nyonyo." Ziada akambusu mkono, akatoka.

Kesho tutajaribu tena. Lakini jana aliniita niandike, na nimeapa kuandika kila alisemalo. Mbele ya watu wote alisema: "Mwambieni Nassir akae na bahari yake. Hata akija, kaburini kwangu asishuke. Mkono wake usinishike." Nikamuuliza kwa ukelele, na radhi je? Akageukia ukutani.

Nitamsomea, mwanangu. Watu watapungua.

Mama Goodluck

*

Magomeni, Kilosa
19 Juni 2023

Mdogo wangu Nassir,

Simu ya kikosi imeshakufikia, kwa hiyo unajua. Mama alifariki Ijumaa kabla ya adhuhuri, sisi tukiwa tumemshika. Sitakuambia alikutaja, kwa sababu hakukutaja. Tumesemeana uongo wa kutosha katika familia hii.

Watu hawakupungua. Kila siku waliongezeka. Usiku ule wa mwisho Mama Goodluck alisema, tumsomee tu, liwalo na liwe, na mimi nikamwambia hapana, Nassir ameomba, tungoje kukipambazuka. Nilikuwa nalinda amana yako. Nililinda mpaka asubuhi akawa hajui tena mtu.

Nikuambie lililotokea, usije ukalisikia kwa wengine. Mama alilazwa chumbani kungoja waoshaji, maji yalikuwa bado yanachotwa. Wanawake walikuwa wamejaa mle ndani, wanaume wamekaa nje kwenye mikeka hadi ng'ambo ya barabara, kwa Mama Goodluck. Nilisikia mzee mmoja akiuliza pale nje, "Mwanawe wa kiume hajaja?" Na mwingine akajibu, "Yuko Ulaya huko anacheza ngoma." Hata Lebanoni hawajui iko wapi.

Nikachukua simu ya Mama Goodluck. Nikapiga magoti, nikaweka mdomo kwenye sikio la mama, lile la kushoto lililokuwa na nafuu, nikasoma barua yako. Nilisoma kwa sauti tuliyokuwa tukimsomea siku zote, ya kushindana na mashine. Mama, sina mguu wa kulia. Sikuwa likizo hata siku moja. Shangazi akanivuta bega akisema maiti hapigiwi kelele. Mama Goodluck alijaribu kuniziba mdomo, halafu akaacha, akakaa chini akalia. Nilisoma yote. Nilipomaliza nikaanza tena juu, kwa kuwa kila barua yako alikuwa akisomewa mara mbili.

Nje walisikia kila neno. Hakuna aliyeuliza tena mwanawe yuko wapi. Yule aliyesema habari ya ngoma alikuja mlangoni, akaondoka.

Wanawake hatukwenda makaburini. Walioshuka kumpokea ni wanaume watatu wa msikitini. Nimeuliza majina ili nikuandikie, wawili nimewapata. Wa tatu alikuwa mpita njia aliyeingia kuswali, akasaidia, akaendelea na safari yake.

Usilale kitandani huko ukipanga namna ya kuficha magongo. Huna wa kumficha. Ulitaka mama awe wa kwanza kujua, Nassir, na sasa Magomeni nzima inajua, watu wa Tindiga wanajua, hata mpita njia yule amekwenda na habari yako. Asiyejua ni yeye peke yake.

Dada yako,
Ziada